Kama uliberali ni kushindana kwa hoja, mbona mashujaa wake walikuwa wanadhihaki watu?

Mdadisi wa Tandika

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kwenye hili maana kikundini kwetu tumelijadili mpaka watu wakanuniana na jibu halijapatikana.

Tuna kikundi cha kusoma vitabu hapa mtaani, siyo wasomi wakubwa, yupo fundi umeme, yupo mwalimu, na mimi na kaduka kangu. Sasa hivi tuko kwenye uliberali, wale Wazungu wa karne ya 17 mpaka ya 19 waliopigania mtu aachwe aamini anachoamini, aseme anachotaka na auziane na anayemtaka. Nilivyoelewa mimi msingi wao ni hoja. Yaani tusipokubaliana hatushikiani panga na hatuitiani askari, tunapeana hoja, ukinishinda nakubali, tusiposhindana kila mtu anarudi kwake na ubishi wake. Hapo sina tatizo, napapenda kabisa.

Tatizo linakuja ukifungua maisha yao, wote midomo pilipili! Voltaire, yule mwandishi wa Ufaransa, ndo usiseme, huyo alitupwa gereza la Bastille 1717 kwa mashairi ya kumkejeli mtu aliyekuwa anashikilia ufalme wa Ufaransa wakati ule, akakaa humo karibu mwaka mzima, akatoka akaendelea palepale alipoishia. 1759 anatoa Candide, kitabu kizima cha kumcheka mtu anayeamini dunia hii ndo bora kuliko dunia zote zinazowezekana, na anayepigwa mle ndani ni mwanafalsafa Leibniz ambaye alishakufa tangu 1716, sasa marehemu anajibuje? Na Leibniz wa kweli hakuwa mjinga kama yule Pangloss wa kwenye kitabu. Alafu kuna barua ya Voltaire ya 1767 anasema maisha yake yote amemwomba Mungu sala moja tu, fupi, kwamba awafanye maadui zake wawe vichekesho, na Mungu akaitika.

Ndo nauliza, huyu kweli ni mtu wa hoja? Mimi naona ukimchekesha msikilizaji hujamshawishi, amecheka tu basi. Na yule aliyechekwa hajajibiwa, ameaibishwa. Mwanafalsafa Hobbes (najua siyo mliberali, msinirukie) aliandika 1651 kwamba kicheko ni ule utukufu wa ghafla mtu anaousikia akijiona bora kuliko mwenzake. Kama ni hivyo basi tashtiti, yaani kukosoa kwa kejeli, ni majivuno yaliyovaa suti, na mliberali anayedhihaki anajipinga mwenyewe. Au kuna kitu sikioni? Nipeni mwanga.

ngoma_nzito

Nimevuta kiti. Wajuzi wa mambo njooni, uzi mtamu huu.

Mzee wa Kashata

Mdadisi swali lako limekaa vizuri ila umeanzia kwa mtu siye. Voltaire alikuwa mtumiaji wa dhihaka, aliyekaa chini akaitetea kifalsafa ni Mwingereza anaitwa Shaftesbury, yule Earl (cheo cha kikabaila) wa tatu, ambaye masomo yake ya utotoni yalisimamiwa na John Locke mwenyewe, kwa hiyo huyu kakulia jikoni kabisa kwa waliberali.

Kisa chake ni hiki. 1706 waliingia London wakimbizi Waprotestanti kutoka milima ya Cévennes huko Ufaransa, wamekimbia mateso ya Mfalme Louis XIV. Hawa watu walikuwa wanapandisha, wanatetemeka, wanaanguka chini, wanatabiri mwisho wa dunia, na watu wa London wakaanza kuwafuata, wengine wakaanza kupandisha nao. Mji ukachafuka. Wakubwa wakasema hawa washughulikiwe, na kweli 1707 baadhi yao walihukumiwa wakasimamishwa mkataleni, wamebanwa kwenye mbao, hadharani watu wawatupie uchafu. Sasa Shaftesbury 1708 akaandika barua, akaitoa bila jina lake, akasema jamani mnakosea. Mtu wa namna hii ukimtesa umempa anachokitaka, maana yeye anatafuta kuwa shahidi wa imani. Mwacheni. Tayari kwenye lile gulio kubwa la Bartholomew Fair watu walishaanza kuwaigiza kwa vikaragosi na umati unacheka, na hiyo inatosha. Akaenda mbali zaidi, akasema hata Ukristo ulipoanza, kama maadui zake wangetumia maonyesho ya vikaragosi badala ya misalaba na mateso huenda wangeudhuru kuliko walivyoudhuru. Mwaka 1708 kusema hivyo! Ndo maana jina hakuweka.

Kwa hiyo angalia vizuri unailinganisha dhihaka na nini. Wewe unaiweka kando ya hoja, unaona imepungua. Wao walikuwa wanaiweka kando ya mkatale, viboko na kuchomwa moto. Ukiwa na jirani unayeona imani yake ni upuuzi na sheria inakuruhusu umfunge, ukachagua kumcheka tu, umepiga hatua kubwa sana.

1709 akaandika tena, safari hii akasema kicheko ni kipimo. Kitu cha kweli ukikicheka kinabaki kimesimama, kilichojifanya kitukufu tu ndo kinaanguka. Hapo wengi walimpinga na mimi pia naona alizidisha. Ila kuna sehemu amesema watu wakizuiwa kusema wazi wanasema kwa mafumbo, na jinsi kamba inavyokazwa ndivyo kejeli inavyozidi kuwa kali. Mtu wa pwani hahitaji Mwingereza kumfundisha hilo, kanga zimeshamaliza kazi.

msee_wa_Rongai

Hiyo ya vikaragosi imenimaliza aki, yaani XYZ Show yetu ya TV ilikuwa London 1708 😂

Lakini wacha niulize kama Mkenya. Sisi hii kitu tumeijaribu. Mwandishi Wahome Mutahi alifungwa 1986 wakati wa msako wa Mwakenya, lile kundi la siri la kumpinga Moi, na Whispers, safu yake ya vichekesho, watu walikuwa wanaifungua kabla ya habari kubwa za gazeti. Mwisho wa miaka ya 90 wachekeshaji wa Redykyulass wakatokea kwa TV wakaanza kumuiga Moi, sauti, rungu, kila kitu, na enyewe ukiwa ulikua enzi zile unajua vile ilikuwa, watu walikuwa wanaangalia mlango kabla wacheke. Hiyo ilivunja uoga, siwezi kataa. 2009 tukapata XYZ, vikaragosi vya mchora katuni Gado kwa Citizen TV, rais na waziri mkuu wanapigwa kila wiki.

Sasa swali, baada ya kucheka nini kilifanyika? Mmoja wa Redykyulass, KJ, tangu 2017 ni mbunge. Mwanasiasa wa siku hizi akichekwa anacheka na wewe, anakuwa mtu wa watu, kesho anaiba vilevile. Naona kicheko kinaweza kuwa njia ya kupumua tu, unatoa hasira Jumapili, Jumatatu unaenda job. Na pia naona ile ingine, kwamba Desemba 2024 vijana walitekwa Nairobi, mmoja ni Kibet Bull yule wa kuchora vivuli vya Ruto, akaachiliwa Januari 2025. Mtu hatekwi kwa kitu haina nguvu. Kwa hivyo hiyo nguvu iko wapi hasa? Sijui kama Shaftesbury ana jibu, huyo alikuwa tajiri anaandikia matajiri wenzake.

kibatari

Mdadisi mimi nakujibu kwenye ile sentensi yako ya "amecheka tu basi hajashawishika". Hapo ndo nakataa kabisa na nina mfano mmoja ambao ukiusoma hutaniuliza tena.

Frédéric Bastiat. Mfaransa, kazaliwa Bayonne 1801, maisha yake mengi alikuwa hakimu mdogo wa kijijini huko Mugron, analima analima, anasoma anasoma, hakuna anayemjua. Alikuwa mtu wa biashara huria. Wakati huo Ufaransa imejaa ushuru wa kulinda viwanda, kila mwenye kiwanda anaenda bungeni analia "nilindeni na bidhaa za nje, mkinilinda mimi mmelinda ajira zenu". 1845 Bastiat akaandika ombi la uongo la wauza mishumaa. Wauza mishumaa na taa na vinara na mafuta na kila kinachohusu mwanga wanawaandikia wabunge: waheshimiwa tunaangamia, kuna mshindani wa nje anatumaliza, ana uwezo wa kutengeneza mwanga kwa bei ya ajabu ameujaza sokoni, akitokea tu mauzo yetu yanakufa papo hapo. Mshindani huyo ni jua. Kwa hiyo tunaomba sheria ya kufunga madirisha yote, mapazia, vibao, matundu, mianya, kila nafasi ambayo jua linapitia kuingia majumbani.

Alafu anapanga faida. Mishumaa ikinunuliwa sana itahitajika shahamu, kwa hiyo ng'ombe na kondoo wataongezeka, kwa hiyo nyama, sufu, ngozi na mbolea. Mafuta ya kuwashia taa yatahitaji mizeituni na mazao ya mbegu, kilimo kitanawiri. Nyangumi watavuliwa, meli maelfu, jeshi la majini la Ufaransa litang'ara. Na kila faida aliyoiandika ni ile ile ambayo wenye viwanda vya chuma na nguo walikuwa wanaisema bungeni kwa sura ya kazi, hajabadilisha kitu. Kisha anawageukia wabunge, anasema chungwa la Lisbon linauzwa nusu ya bei ya chungwa la Paris kwa sababu kule jua linafanya nusu ya kazi bure, na nyie mnalizuia kwa sababu hiyohiyo ya kuwa nusu bure. Sasa mwanga wa jua ni bure mzima, mbona huo mnaupokea? Chagueni, ila muwe na msimamo mmoja.

Unaona hapo? Huwezi kucheka kabla hujaifuata hoja. Kicheko chenyewe ndo ile sekunde unapoona hoja yao inakwenda wapi ukiiacha itembee mpaka mwisho. Ukiniambia hii siyo hoja nitakuuliza hoja ni nini. Na ndani yake hakuna mtu hata mmoja aliyetajwa jina wala kuchekwa pua yake.

Nyegere

Ila binadamu bwana, yaani watu wazima wanaandikia bunge jua lizuiwe?! Hao wauza mishumaa walikuwa hawana akili, serikali iliwajibu nini?

ngoma_nzito

😂😂😂😂 nashuka kwenye kiti

Mzee wa Kashata

Msimcheke Nyegere, wakubwa zaidi yake wameingia. Nyegere ndugu yangu, lile ombi ni la kutunga, kaliandika mpinzani wao.

Mwandishi Mwingereza Daniel Defoe 1702 alitoa kijitabu akijifanya mshika dini mkali wa Kanisa la Anglikana, anataka wale Waprotestanti waliojitenga na kanisa hilo wamalizwe kabisa, wahubiri wao wanyongwe na waumini wafukuzwe nchini. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa waliojitenga, alikuwa anawakejeli wale wakali. Sasa wakali wenyewe wakakisoma wakakipenda, wakasema hatimaye mtu kasema kweli. Na wenzake aliokuwa anawatetea wakakasirika, wakadhani amewageuka. Ilipojulikana aliyeandika nani wote wakamkasirikia kwa pamoja, akakamatwa, Julai 1703 akasimamishwa mkataleni siku tatu. Kwa hiyo Mdadisi ukitafuta kasoro ya tashtiti, chukua hii, ina uzito kuliko ile ya Hobbes. Tashtiti inamtegemea msomaji kuliko maandishi mengine yoyote, na mwandishi hana namna ya kumchagua msomaji.

Mama Wawili

Mada nzuri, na kaka kibatari umeielezea ile ya jua vizuri sana. Lakini mmezungumza wanaume watupu na mnachagua mifano inayowapendeza, mnyonge anamcheka mkubwa au mwenye akili anaicheka hoja mbovu. Mimi nataka nilete upande mwingine.

Voltaire huyohuyo mnayemsema, kejeli zake hazikuishia kwa maaskofu na wafalme. Wayahudi amewapiga vijembe vya chuki kwenye vitabu vyake mara nyingi mno. 1762 Myahudi mmoja wa Amsterdam, Isaac de Pinto, akamwandikia kwa adabu zote akamweleza kwamba anachafua watu wengi kwa jumla bila haki. Voltaire akamjibu kiungwana, akakiri mistari ile ni ya kuonea, akaahidi kuirekebisha. Hakuirekebisha, na vijembe vikaendelea. Sasa hapo ni nani mkubwa na nani mdogo? Wayahudi wa Ufaransa walipata uraia 1791, Voltaire kafa 1778, yaani muda wote aliokuwa anawacheka walikuwa watu wasio na haki kamili kwenye nchi ile. Askofu akichekwa anabaki na nyumba yake na mshahara wake.

Mliberali mwingine, Mwingereza John Stuart Mill, aliliona hili, na siyo bahati mbaya kwamba aliandika 1859, waliberali walikuwa wameshaanza kushika nafasi. Mwisho wa sura ya pili ya kitabu chake cha uhuru analijibu swali ambalo watu huwa wanauliza, kwamba mjadala uruhusiwe lakini uwe wa heshima, kejeli na maneno makali yasiwepo. Anasema hilo lingekuwa la haki kama zuio lingezifunga pande zote mbili. Lakini tazama linavyotumika kweli. Mwenye maoni ya wachache akikejeli anaambiwa hana adabu, mwenye maoni ya wengi akimkejeli huyo wa wachache anasifiwa kwa uchungu wake wa ukweli. Na madhara hayalingani, kwa sababu wa wachache akimkejeli mkubwa hakuna anayeingiwa na hofu, lakini wengi wakimkejeli wa wachache watu wanaogopa kusema anachosema na wengine wanaogopa hata kumsikiliza. Kwa hiyo kama ungelazimishwa kuchagua wa kumzuia, ungemzuia mkubwa. Alafu Mill anasema sheria isiingie kote kuwili, ni kazi ya watu wenyewe kumhukumu kila mmoja kwa namna alivyosema.

Na sheria kutoingia kuna maana yake kwetu, Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa baada ya video anacheka picha ya zamani ya Rais Magufuli. Anacheka tu, hajasema neno! Ukishaipa serikali kazi ya kupima kicheko ndo unafika huko.

Mimi ni Mzaramo, nimekulia kwenye utani. Mnyamwezi anakuja msibani kwetu analala kwenye kaburi anasema marehemu alikuwa na deni lake, hatoki mpaka apewe chochote, watu wanalia huku wanacheka. Hakuna anayekasirika kwa sababu sisi tukienda kwao tunafanya yaleyale au mabaya zaidi. Utani una kanuni, leo kwangu kesho kwako. Hicho ndo kipimo changu, siyo cha Shaftesbury. Ukimcheka mtu ambaye hawezi kukurudishia wewe siyo mtani.

msee_wa_Rongai

Mama Wawili umenijibu bila kujua. Hiyo nguvu nilikuwa naitafuta ni hiyo, mkubwa anaogopa si kicheko, anaogopa wale wengine waliocheka wajue wako wengi.

Lakini kipimo chako kiko na shida kidogo. Rais hawezi kuwa mtani wangu, yeye ako na polisi mimi niko na simu. Hatuwezi rudishiana. Sasa kwa kanuni yako yeye akinicheka si utani, sawa, na mimi nikimcheka?

Mama Wawili

Wewe ukimcheka ana redio, ana televisheni, ana msemaji wa ikulu, anaweza kukurudishia saa yoyote kwa maneno. Akichagua kukurudishia kwa polisi ni yeye kakataa utani, siyo wewe.

fundi_Mbagala

Nimesoma uzi wote nikiwa nasubiri umeme urudi. Mnafurahi sana na wauza mishumaa. Mimi ni fundi cherehani mwaka wa ishirini na kitu huu. Muuza mishumaa ni mimi.

Mwaka 2016 marais wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondoke mpaka ifike 2019. Nilifurahi, nikamwambia mke wangu tutashona tena mashati ya wanaume, maana siku hizi mtu anakuja kwangu kupunguza suruali ya mtumba tu na kushona sare za shule. Alafu Marekani wakatishia kuondoa msamaha wa ushuru kwa bidhaa tunazowauzia, nchi zetu zikarudi nyuma, Rwanda peke yake ndo ikakaza na 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye ule mpango wa AGOA. Kwa hiyo kibatari naomba unijibu bila kunichekesha. Jua halijawahi kutishia mtu. Jua halina balozi. Huyo Bastiat wako ananifanya mimi nionekane mwendawazimu anayepigana na jua wakati mimi napigana na marobota yanayoletwa na watu wenye nchi kubwa na wanasheria. Ndo shida ya dhihaka hiyo, ukishachekwa huwezi tena kuelezea, kila ukifungua mdomo watu wanaona mshumaa.

kibatari

Fundi pole, na hapo kwenye ubalozi umenibana kweli, Bastiat hakuwahi kujibu hali ambayo huyo mshindani anakulazimisha umnunue. Angekuwa hai angeipinga hiyo pia maana alipinga kutumia nguvu za serikali kwenye biashara pande zote.

Lakini ngoja nikuambie kwa nini alichagua jua na siyo Waingereza, ambao ndo walikuwa wanaogopwa Ufaransa wakati ule. Angeandika Waingereza mjadala ungegeuka wa uzalendo, kila mtu angeshika bendera. Kwa jua kila mtu anaiona hoja yenyewe ikiwa uchi. Na swali lake linabaki, yule mteja wako wa suruali ya mtumba, tukimfungia dirisha avae nini wakati shati lako ni bei mara tatu? Hapo hachekwi mtu.

Na kuhusu mafanikio sitawadanganya. Ile tashtiti haikubadilisha sheria ya Ufaransa. Bastiat aliingia bungeni 1848, kifua kikuu kikamuua Rome 1850, na mkataba wa kupunguza ushuru kati ya Ufaransa na Uingereza ulikuja 1860, kwa kazi ya kina Cobden wa Uingereza na Chevalier wa Ufaransa waliokaa mezani. Hakuwahi kuuona.

Mdadisi wa Tandika

Wakuu nimeshiba. Kwenye sentensi yangu ya "amecheka tu" kibatari kanishawishi, nimeitafuta ile ya mishumaa nimeisoma mara mbili na kweli hucheki mpaka ufikiri. Lakini Candide bado nakomaa nayo, mle Leibniz hakupewa hoja yake itembee, alivishwa kinyago tu akapigwa. Kwa hiyo mimi narudi kikundini na kesi mbili, siyo moja. Jumamosi naanza na Bastiat, na nitamsomea yule mwalimu wetu maneno ya Mama Wawili kwa sababu yeye ndo kinara wa kumkejeli kijana mmoja mlokole pale kikundini mpaka kijana siku hizi haongei.

Fundi wewe umejibiwa umeridhika?

fundi_Mbagala

Sijaridhika ila umeme umerudi. Na kwa kuwa mmeshanifundisha, kibatari pokea hii:

OMBI LA WAUZA MITUMBA NA WAVAAJI WAO, KWENU WANANCHI WA ULAYA NA MAREKANI

Ndugu zetu, sisi tuliochini ya sahihi hii tunaishi kwa nguo mlizozichoka. Tumesikitika kusikia kwamba baadhi yenu mmeanza tabia ya kuvaa shati moja miaka miwili. Tabia hii inaua ajira huku. Tunawaomba kwa unyenyekevu mnenepe kwa haraka, ikiwezekana kila baada ya miezi mitatu, ili nguo zisiwatoshe zikiwa bado mpya. Mkishanenepa mkonde, maana huku tuna wateja wa saizi zote. Wanaokufa wasizikwe na suti, ni upotevu. Madaktari wenu wahimizwe. Faida ni nyingi, mtakula zaidi kwa hiyo wakulima wenu watanawiri, mtapakia meli za marobota kwa hiyo bandari zenu zitajaa, na sisi tutavaa bure nusu kama chungwa la Lisbon. Mafundi cherehani wa Mbagala msiwahurumie, wamezoea giza.

Haya cheka sasa.

kibatari

Nimecheka mpaka mke kaja kuuliza kuna nini. "Madaktari wenu wahimizwe" 😂😂 Fundi hiyo iweke kama uzi wake, ila andika juu kabisa kwamba ni ya kutunga, Nyegere yupo.

Nyegere

Nimeshaisoma. Safari hii nimejua.